Equator Sound: Studio Iliyoimbisha Afrika Mashariki

Aprili 1959 serikali ya kikoloni ilimtoa Jomo Kenyatta katika jela ya Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, ikampeleka Lodwar. Alikuwa amekimaliza kifungo alichohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, lakini uhuru hakupewa. Alizuiliwa Lodwar hadi 1961, katika wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia wala kutoka bila kibali cha serikali. Machi 1961 viongozi wa vyama vya KANU na KADU walilazimika kupanda ndege kumfuata huko, kwa kuwa mambo ya nchi yalikuwa hayaendi tena bila yeye.

Miaka hiyohiyo, mamia ya kilomita kusini, vijana wenye magitaa walikuwa wakiingia na kutoka katika studio moja ya Nairobi. Mmoja alitoka Taita, mwingine alizaliwa Uganda kwa wazazi wa magharibi mwa Kenya, wengine wawili walitoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia. Kenyatta alipofunguliwa na kuifanya Harambee kuwa wito wa taifa, mmoja wa vijana hao, Daudi Kabaka, aliuingiza wito huo katika wimbo ambao redio ya taifa iliupiga kwa miongo. Studio yenyewe iliitwa Equator Sound Studios. Kwa takriban miaka 10 ndiyo iliyoamua muziki wa mjini Kenya usikike vipi. Ndiyo pia iliyozaa ugomvi mkubwa wa hakimiliki katika historia ya muziki wa Kiswahili.

Kabla ya Nairobi kuwa na mitambo

Zamani mwimbaji wa Afrika Mashariki aliyetaka kusikika kwenye santuri alivuka bahari. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wa taarabu waliondoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Huku kwetu hapakuwa na mtambo wa kazi hiyo. Santuri zilichapwa India, zikarudi kwa meli na kuuzwa madukani. Makampuni yalipoona kwamba Mswahili yuko tayari kutoa fedha kununua sauti inayosema lugha yake, yakaanza kuwatuma mafundi wao huku na mitambo ya kubeba, wakirekodi na kuondoka.

Vita Vikuu vya Pili vikaongeza jambo jingine. Fundi Konde, Mgiriama wa pwani aliyezaliwa 1924, alitumikia kikosi cha burudani cha King's African Rifles na kuwatumbuiza askari hadi Asia. Vijana wa aina yake walirudi nyumbani wakiwa wamezoea kupiga kwa bendi na kusoma hadhira isiyokuwa ya kabila lao. Mwingereza Peter Colmore, aliyewajua wanamuziki hao tangu jeshini, akageuza ujuzi wao kuwa biashara. Kampuni yake ya High Fidelity Productions ilirekodi nyimbo na kutengeneza matangazo ya bidhaa, na ndiye aliyewaleta Nairobi wapiga gitaa wa Katanga, Edward Masengo na Jean-Bosco Mwenda. Gitaa la Bosco lilipovuma mjini, kila kijana mwenye gitaa alianza kulifuatisha.

Katika miaka hiyo ya 1950 Nairobi ikapata kampuni ya East African Records, yenye uwezo wa kurekodi na kuchapa santuri hapahapa. Faida yake ilikuwa ya wakati. Wimbo haukungoja tena meli, na mwenye duka aliyeishiwa na santuri inayopendwa aliweza kuagiza nyingine kabla haijapoa. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji umeme, kwa hiyo soko halikuishia mjini. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zilizovunjika kama sahani, nazo zikaanza kupisha zile nyepesi za plastiki za mizunguko 45.

Worrod na bendi ya kuajiriwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 East African Records ikawa mikononi mwa Charles Worrod, na jina la Equator likaanza kuonekana kwenye lebo. Mpaka wakati huo mwenye studio alimngoja mwanamuziki aje na gitaa lake, amrekodi nyimbo mbili, amlipe, kisha amngoje mwingine. Worrod alitaka studio iwe na watu wake. Aliweka kikosi cha kudumu, Equator Sound Band, kikiongozwa na Fadhili William. Ndani yake walikuwamo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Sylvester Odhiambo, pamoja na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Leo huyu alitangulia kuimba na wenzake wakampigia, kesho zamu ikawa ya mwingine. Jina la santuri lilibadilika ilhali wapigaji walikuwa walewale. Huko Detroit, Marekani, Berry Gordy alikuwa akijenga Motown kwa mpango wa namna hiyo katika miaka hiyohiyo.

Mpango huo ulizaa mambo mawili yaliyodumu. La kwanza ni lugha. Mtaita, Mluhya, Mjaluo na Mzambia waliokaa chumba kimoja waliimba Kiswahili, na Worrod hakuwa na sababu ya kuwazuia, maana santuri ya Kiswahili iliuzika Mombasa, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam bila kubadilishwa neno. Muziki wa Kenya ulioenea nje ya mipaka katika miaka ya 1960 ulienea kwa njia hiyo.

La pili ni mdundo. Chubby Checker alikuwa ameisambaza twist duniani kote kuanzia 1960. Vijana wa Equator hawakuiiga kama ilivyokuja. Waliichanganya na kwela ya Afrika Kusini na upigaji gitaa wa magharibi mwa Kenya, ule ambao wakati mwingine uliendeshwa na mlio wa chupa ya soda ikikwaruzwa. Ikawa twist ya Kiafrika, nyepesi mguuni, yenye sauti mbili zinazoimba pamoja na gitaa la solo linalojibu kila mstari. Kabaka, aliyezaliwa 1939, akaitwa mfalme wa twist. Nyimbo zake kama "Msichana wa Elimu" na "Pole Musa" zilikuwa hadithi za mjini: mapenzi, makosa, na maisha yanayobadilika haraka kuliko ushauri wa wazee.

Kurekodi kwenyewe kulikuwa kazi ya nidhamu. Wote walipiga kwa pamoja, wakizunguka vipaza sauti vichache, na sauti ikaingia moja kwa moja kwenye utepe. Aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu, kwa hiyo wimbo ulipaswa kuingia, kusema neno lake na kutoka ndani ya muda huo. Ndiyo sababu nyimbo za enzi hiyo hazina maneno ya kujazia nafasi. Wapenzi wengi wa muziki huzisifu kwa usahili wao, lakini usahili huo ulilazimishwa na santuri.

"Malaika" na mkanganyiko wake

Fadhili William, aliyezaliwa 1938, aliurekodi wimbo "Malaika" mara ya kwanza mwaka 1960 akiwa na kundi la Jambo Boys. Mwaka 1963 akaurudia Equator. Toleo hilo la pili ndilo lililoenea, na kutoka hapo wimbo ukaacha kuwa wa Nairobi. Miriam Makeba akauchukua. Mwaka 1965 ulikuwamo katika albamu aliyoimba na Harry Belafonte, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1981 Boney M. nao wakautoa, ukapigwa katika kumbi za Ulaya ambako wachezaji hawakujua Kenya iko wapi.

Swali la nani aliutunga likaanza kuulizwa mara ulipoanza kuleta fedha. Fadhili alisema ni wake. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga katika miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wengine nao walijitokeza na madai yao. Wapo wanaoamini ulikuwa ukiimbwa na watu wengi kabla ya studio yoyote kuusikia. Watafiti Roger Wallis na Krister Malm waliuchukua kama mfano katika kitabu chao cha 1984 kuhusu biashara ya muziki katika nchi ndogo. Wimbo mmoja uliweza kuonyesha njia yote: wimbo unaanzia mdomoni, unanaswa kwenye utepe, unaandikishwa kwa jina fulani, kisha fedha zinafuata jina.

Fadhili aliishi miaka mingi Marekani, na aliporudi nyumbani alikuwa bado analalamika kwamba wimbo ulioijaza dunia haukumjaza yeye mfuko. Alifariki Nairobi Februari 2001. Iwe aliutunga au aliupokea, bila sauti yake siku ile studioni, Makeba, Belafonte na Boney M. pengine wasingekuwa na cha kuimba.

Harambee, Helule, kisha kuondoka

Baada ya uhuru wa 1963 redio ndiyo ilikuwa mdomo wa serikali, na mwaka 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya. Wimbo wa Kabaka, "Harambee Harambee", ukafanywa alama ya vipindi vya habari. Watu ambao hawakuwahi kununua santuri hata moja waliufahamu, kwa sababu mlio wake ulimaanisha taarifa inakuja. Hata katika maeneo ambayo ukoloni uliyafunga kwa vibali, Turkana ikiwemo, palipokuwa na redio ya betri palikuwa na gitaa la Equator.

Wimbo mwingine wa Kabaka ulifika mbali zaidi. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ilitoa "Helule Helule" na ikaingia katika nyimbo 20 bora za nchi hiyo. Mtunzi wa twist kutoka Nairobi akaimbwa na vijana wa London.

Lakini bendi ya kuajiriwa ina mwisho wake. Msanii anayelipwa kwa kazi ya siku huanza kuuliza maswali akisikia wimbo wake kwenye redio ya nchi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waimbaji wakubwa walijitenga, na suala la mrabaha lilikuwa miongoni mwa yaliyowatenganisha na kampuni. Kabaka, Pichen na Tsotsi walipitia makundi ya African Eagles na Eagles Lupopo. Omolo akaunda Apollo Komesha, jina lililopatikana enzi ambazo dunia ilikuwa ikizungumzia vyombo vya Apollo na mwezi. Wimbo wake "Lunch Time", kuhusu wafanyakazi wa mjini na jinsi kila mmoja anavyoipitisha saa ya chakula cha mchana, ukapata diski ya dhahabu kwa mauzo yaliyopita nakala 150,000 barani Afrika.

Ladha nayo ilikuwa ikigeuka. Benga ya Kijaluo, yenye gitaa linalokimbia na lugha ya nyumbani, ilijaza masanduku ya santuri kuanzia Kisumu. Bendi za Zaire zikahamia Nairobi na rumba yao. Makampuni makubwa ya kimataifa kama Polygram, CBS na EMI yakaingia mjini na studio za kisasa zaidi. Them Mushrooms walipotoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, Equator ilikuwa tayari jina la kumbukumbu. Kisha ikaja kaseti, ambayo mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kuinakili usiku na kuiuza asubuhi kando ya barabara. Biashara ya santuri haikustahimili. Viwanda vya kuchapa vikafungwa na makampuni ya nje yakarudi kwao. Nyimbo za Equator zikasikika tena kwa wageni katika miaka ya 1980, John Storm Roberts alipozikusanya katika albamu zake za muziki wa zamani wa Nairobi.

Utepe ni wa nani?

Sheria ya hakimiliki ya Kenya huru ilitungwa 1966, wakati nyimbo nyingi maarufu za Equator zilikuwa tayari sokoni. Sheria tunayoitumia sasa, ya 2001, inatenganisha vitu viwili ambavyo wasanii wa zamani walivichanganya. Utungo, yaani maneno na tuni, ni wa mtunzi, na haki yake hudumu hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ni mali ya aliyegharimia kurekodi, na haki yake hudumu miaka 50 tangu iliporekodiwa.

Ukipiga hesabu kwa sheria hiyo utaona jambo la ajabu. Rekodi ya 1963 ilitimiza miaka 50 mwaka 2013, na haki ya mwenye studio ikaisha nayo. Kabaka alifariki Novemba 2001, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2051. Kwa muda mrefu tuliamini studio ndiyo iliyokuwa na nguvu na mtunzi hakuwa na kitu. Kisheria, mtunzi ndiye aliyebaki na haki ya muda mrefu zaidi. Alichokikosa ni maandishi ya kuthibitisha, na mtu wa kumweleza hivyo kabla hajatia sahihi.

Wapo walioanza kurekebisha. Ketebul Music, shirika la Nairobi lililoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007, limekuwa likitafuta wanamuziki wa zamani, kuwahoji na kurekodi historia yao, kuanzia na benga. Limeshirikiana pia na hazina ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey huko Afrika Kusini kuzirudisha kwa Wakipsigis rekodi ambazo Tracey aliwarekodi mwaka 1950. Wazee waliosikia sauti za ndugu zao waliokufa walizipokea rekodi hizo kama mali ya nyumba iliyorudi.

Kutoka Loki hadi Kakuma

Kwa Waturkana haya si mambo ya mbali. Mwanamume huimba sifa za maksai wake, na watu wa kijiji wanajua wimbo ule ni wa nani bila kuangalia karatasi. Katika ngoma ya edonga anayeuanzisha wimbo anajulikana, na anayeuiga anajulikana kuwa anaiga. Umiliki wa wimbo, basi, ulikuwepo Turkana kabla ya ofisi yoyote. Tatizo huanza wimbo unapoondoka mahali ambapo watu wanamjua mwenyewe.

Mji wa Lokichoggio, au Loki kwa kifupi, unaufahamu mwendo huo. Tangu 1989 mji huo ulikuwa kitovu cha ndege za misaada za Operation Lifeline Sudan, na waliotoka vitani kusini mwa Sudan walipita katika ukanda huu wakiwa na lugha na nyimbo zao. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa kuwapokea, miongoni mwao maelfu ya wavulana waliotembea bila wazazi. Emmanuel Jal, aliyekuwa mtoto askari, aliletwa Kenya na mfanyakazi wa misaada Emma McCune. Mwaka 2005, mwaka ambao mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa sahihi Nairobi, wimbo wake "Gua" ulivuma Kenya, na akatoa albamu ya Ceasefire pamoja na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki mkongwe wa kaskazini mwa Sudan. Watu wa pande mbili zilizokuwa zikipigana waliimba katika kazi moja. Baada ya amani hiyo mashirika mengi yalihamia Juba na uwanja wa Loki ukapungukiwa na ndege. Kakuma haikufungwa. Pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowaunganisha, kama kilivyowaunganisha vijana wa Equator.

Studio ya leo haihitaji jengo la Worrod. Kompyuta, kipaza sauti kimoja na magodoro ukutani vinatosha, na wimbo uliorekodiwa Kakuma asubuhi unaweza kusikika Minnesota jioni. Mwendo huo ni wa kasi kuliko ule wa "Malaika", na kwa sababu hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Aliyetengeneza mdundo, aliyeandika ubeti, aliyeimba kiitikio na mwenye kompyuta kila mmoja atakumbuka siku ile kwa namna yake miaka 20 ijayo.

Basi kijana wa Lodwar, Kakuma au Loki, kabla hujautuma wimbo wako popote, kaeni wote mliofanya kazi mwandike: nani katunga maneno, nani katunga tuni, nani kalipia kurekodi, na kila mmoja ana fungu gani. Wekeni tarehe na sahihi. Kisha muuandikishe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Usitie sahihi karatasi ya mtu yeyote, awe shirika, mfadhili au rafiki, bila kuisoma na kubaki na nakala. Fadhili William na Daudi Kabaka walikuwa na vipawa ambavyo wengi wetu hatuna, na bado karatasi iliwashinda. Isikushinde wewe.